Kioo cha Saa ya Gari la Kijiji

Simeoni Msengi alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, ule unaolala nao ukaamka umekwisha, la. Huu ulihamia mwilini mwake mwaka ule walipohamishwa wao wenyewe, pamoja na kitanda cha kamba na vyungu vilivyosalimika, na tangu hapo haukuonyesha dalili ya kutoka. Ukimsalimia asubuhi, "Umeamkaje, mzee Simeoni?" anakujibu, "Tupo." Basi. Mwenye nguvu zake husema nzuri.

Zamani alikuwa fundi saa pale Kiomboi. Alikuwa na meza yake kwenye baraza la fundi cherehani mmoja karibu na soko, akatengeneza saa za walimu, za wauguzi, za wachungaji wa Kilutheri, na jioni akapanda baiskeli kurudi kwake ng'ambo ya korongo. Halafu ikaja amri ya watu wote kukaa vijijini. Akajaribu kueleza kwamba yeye ni fundi, kazi yake iko mjini. Akajibiwa kwamba fundi saa au fundi chungu, jembe linamtosha kila mtu. Na kweli likamtosha. Vidole vilivyozoea skrubu ndogo kuliko mbegu ya uwele vikaota sugu, na mgongo ukaanza kumsemesha usiku na mchana.

Lakini uchovu wa jembe ungevumilika. Uliomla Simeoni ni mwingine, na aliujua yeye na mkewe Raheli tu. Mama yake mzazi, Bibi Elizabeti, hakuhama.

Siku ya kuhamishwa, mgambo walipanda juu ya tembe lao wakaanza kuchimbua udongo wa paa. Bibi Elizabeti alikuwa ndani, kakaa kwenye kigoda chake, na kutoka akakataa. "Bomoeni," akasema, "nifunikwe humuhumu. Mume wangu kalala hapo nyuma ya zizi. Nikamwache na nani?" Wakamsihi, wakamkaripia, bibi hata hakuinua macho. Kijana mmoja kati ya wale mgambo alikuwa mtoto wa jirani, uji wa bibi huyu ndio uliomkuza. Akaona haya, akashuka. Wakabomoa vyumba vya mbele, wakaacha kile cha nyuma alimokaa bibi, wakaondoka wakisema watarudi. Hawakurudi. Ofisini kijijini Simeoni alipoulizwa mama yuko wapi, akasema amehamia kwa dada yake huko Nduguti. Uongo mtupu. Lakini angesema nini? Wangemwendea tena, na safari hii wangetumwa wale wasiowahi kuonja uji wake.

Kwa hiyo kila siku lazima mtu ampelekee bibi maji na chakula. Simeoni mwenyewe hakuweza, kwa sababu alasiri wanaume walifyatua matofali ya shule mbele ya macho ya viongozi, na asiyeonekana aliulizwa. Wanawake waliachiwa mchana waende kuni na maji. Basi Raheli, akishatoka shamba la kijiji, hubeba mtungi na kibuyu cha uji, huvuka korongo, hupanda mlima, humlisha mama mkwe, humwashia moto, hukata kuni njiani ili asirudi mikono mitupu, hufika kijijini jua likizama. Kila siku ya Mungu. Na huko nyikani fisi hawangoji giza likolee. Likianza tu, nao wameanza.

Sasa habari ya gari.

Kijiji cha Juhudi, ndilo jina walilokipa, kilikuwa na gari. Usicheke. Lilikuwa Humba jeusi la Mwingereza mmoja wa mgodi wa Sekenke, ambalo alipokuwa akirudi kwao alimwuzia Idrissa, mfanyabiashara wa asali na ngozi. Duka la Idrissa lilipogeuzwa kuwa duka la ujamaa, mzee yule akasema, "Chukueni na gari basi, mimi petroli sina, na ninyi hamna, tutakuwa tunakosa pamoja." Likavutwa na ng'ombe kutoka Nduguti mpaka kijijini, watu wakiimba, kiti cha mbele kimejazwa majembe mapya. Kwenye shimo moja la barabara mpini wa jembe ukaruka ukagonga saa iliyokuwa pale mbele ya dereva, kioo chake kikavunjika vipande. Saa yenyewe wala haikushtuka, ikaendelea kutembea. Ilikuwa ya kutia ufunguo, haikuhitaji betri, kichwa kigumu kama aliyeileta.

Gari likaegeshwa kando ya ofisi, likawekwa juu ya mawe, matairi yakaenda kuwa nyayo za viatu vya watu. Kuku wakatagia kiti cha nyuma. Kitu kimoja tu humo ndani kilifanya kazi, na hicho ndicho kikawa bwana wa kijiji kizima. Redio ya ofisi haikuwa na betri, mwalimu wa shule alikuwa hajaletwa bado, na saa ya mkononi ya Mwenyekiti ilipotea katika purukushani za kuhama. Hivyo ikaamuliwa kengele ya kazi ipigwe kwa saa ya gari. Mzee Antipasi, kwa kuwa mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, akapewa kazi ya kukaa kwenye kiti cha dereva akiitazama. Ikifika saa moja asubuhi anagonga rimu iliyotundikwa mtini, watu wanakwenda shamba la bega kwa bega, lile la wote. Ikifika saa sita mchana anagonga tena, watu wanatoka.

Mzee Antipasi alikuwa mwaminifu, lakini kiti cha Humba ni cha ngozi, kina springi, na yeye tangu azaliwe alikalia kigoda. Jua likianza kupasha bati, mzee analala fofofo. Halafu saa ile haikuwa na kioo. Kitufe cha kusogezea mishale kilikuwa kimekufa tangu enzi za mzungu, kwa hiyo anayetaka kuirekebisha ilibidi aguse mshale wenyewe kwa kidole. Na kidole, jamani, nani hana?

Penye wengi pana mengi. Ilianza kidogo kidogo, na alfajiri mzee Antipasi akiona mshale umetangulia mapambazuko huurudisha nyuma, akidhani saa inakimbia yenyewe. Saa sita ikawa inafika mapema, na hakuna aliyelalamika. Masika yale mvua ilichelewa, lakini mawingu yalitanda wiki baada ya wiki, jua halionekani, nani angebisha? Rimu ikilia watu wanaangaliana, mmoja anasema, "Leo siku imekimbia," mwingine anaitika, "Ee, imekimbia kweli," wanabeba majembe yao wanaondoka haraka kabla siku haijarudi nyuma.

Mpaka siku alipokuja Bwana Gaspari, bwana shamba, na pikipiki yake kutoka Singida. Alikuta kijiji kizima njiani kinarudi nyumbani.

"Vipi, kuna msiba?"

"Hapana, bwana. Tumetoka kazini. Ni saa sita."

Bwana Gaspari akatazama mkono wake. "Saa sita? Yangu ni saa nne na nusu."

Mwenyekiti Isaka, kijana mwenye bidii, mtu wa watu lakini mkali kwa heshima ya kijiji chake, akamwambia mgeni mbele ya wote kwamba huenda saa yake imechelewa, barabara ina vumbi sana. Maskini, mawingu yakachagua dakika ileile kupasuka. Watu wote wakainua nyuso. Jua lilikuwa bado kule mashariki, mbali kabisa na utosi. Kumbe siku ile vidole vilikuwa vimezidi, kila mwenye shida yake alipita akasogeza, bila kujua kwamba aliyemtangulia naye ameshasogeza. Bwana Gaspari alicheka mpaka akashikilia pikipiki. Mwenyekiti hakucheka.

Jioni akaitisha mkutano. "Kuna watu wanaiba saa," akasema. "Anayeiba saa anaiba jasho la mwenzake. Nani?" Watu wazima na akili zao wakachunguza vidole vya miguu yao kama waliotumwa kuvikagua. Mwenyekiti akaona hapati kitu, akageuka. "Ndugu Simeoni, wewe si ulikuwa fundi saa? Tia kioo. Kuanzia hapo, hakuna kidole."

Simeoni akaitika. Moyoni hata alifurahi kidogo, aibu iliyoje. Ni muda mrefu hakuna aliyemwita fundi.

Nyumbani alimkuta Raheli anapepeta mtama. Alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka mlimani, miguu myeupe kwa vumbi mpaka magotini. Akamweleza kwa Kinyiramba chao, taratibu, kwamba kesho ataanza kutengeneza kioo cha saa ya gari.

Raheli akaweka ungo chini. "Usikitie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu na kidole changu kimo."

Simeoni akakaa kitandani. Hakuwa amewaza hata mara moja. Alijua mkewe ndiye anayepeleka maji ya kunywa shambani, ndiye anayepita pale ofisini na mtungi kila asubuhi wakati mzee Antipasi anakoroma. Alidhani anawahi kurudi kutoka mlimani kwa sababu ana mwendo.

"Ulidhani nina mabawa, mume wangu?" Raheli akasema. "Kutoka hapa mpaka kwa mama, na mtungi kichwani, na kurudi na kuni? Nikitoka saa sita ya kweli, kurudi ni gizani. Mimi husogeza kidogo tu, upana wa ukucha. Siku nyingine nakuta wenzangu wameshasogeza, naacha. Leo sikujua."

"Wenzako nani?"

"Unataka uwajue wa nini? Mwenye mtoto mgonjwa yumo. Mke wa Mwenyekiti yumo. Wote tumechoka, baba. Unafikiri ni wewe peke yako?"

Simeoni alifikiri hivyo hasa. Kila mtu aliyechoka hudhani uchovu ni mali yake. Mwishoni wakakubaliana kwamba kioo kitatiwa, kwani amri ni amri, lakini Simeoni ataacha ule mzingo, pete ya chuma inayokishika, ulegee kidogo. Anayejua atausukuma kwa ukucha, utapisha kidole, kisha utarudi. Hakuna atakayegundua. Raheli akaokota ungo wake, akaendelea kupepeta.

Kioo chenyewe kingetoka wapi? Kiomboi nzima usingepata kioo cha saa, sembuse Juhudi. Simeoni akakumbuka picha yake ya kifua. Miaka ya nyuma aliugua kichomi, hospitalini Kiomboi wakampiga picha, akapewa ile karatasi nyeusi ya plastiki inayoonyesha mbavu, akaihifadhi chini ya godoro, si unajua, mtu hatupi mbavu zake. Akaitoa. Akachemsha maji, akatia magadi yale ya kulainishia mboga, akaizamisha picha humo. Kila alipoipangusa kwa kitambaa, weusi ulitoka kama masizi kwenye sufuria. Zikaenda mbavu, ukaenda moyo, likaenda lile doa la kichomi lililomlaza wiki kadhaa. Ikabaki plastiki tupu, angavu, yenye ubuluu kidogo ukiielekeza kwenye mwanga.

Alikaa nayo mikononi kitambo. Kazi ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba ilikuwa nzuri na yeye aliifurahia.

Akachora duara kwa mfuniko wa kopo, akalikata kwa mkasi, akalisugua ukingo kwenye jiwe la kunolea mpaka likawa laini. Akakata utepe mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli, uje ukae chini ya kioo, uzuie vumbi. Siku ya pili akaingia ndani ya gari, akajilaza chali chini ya usukani, miguu nje, mgongo ukimlilia, akapapasa nyuma ya saa mpaka akapata nati iliyoishika. Saa ikatoka, ikamtia joto kiganjani. Akaondoa vipande vya kioo cha zamani vilivyobaki kwenye mfereji wake kimoja kimoja, akapuliza vumbi, akafuta uso wa saa kwa pamba. Zilionekana alama za vidole pale kwenye mshale mkubwa, nyeusi nyeusi, za udongo wa shamba. Akazifuta pia.

Akausogeza mshale ulingane na saa ya Bwana Gaspari, aliyekuwa bado hajaondoka, akapanga mpira, akaweka kioo, akaweka mzingo, akatia skrubu tatu. Mbili akazikaza. Ya tatu akaiacha kama walivyopatana.

Mwenyekiti Isaka alikuwa amesimama mlangoni mwa gari muda wote, ananyonya jino. Saa iliporudi mahali pake, akainama akaitazama, uso ukamng'aa. "Loo! Mzee Simeoni! Kama imetoka kiwandani." Akanyoosha kidole, akagusa kioo, akasukuma mzingo. Ukacheza.

"Mbona unacheza?"

Jibu Simeoni alikuwa nalo. Angesema mpira ni mpya, bado haujakaa. Angesema skrubu imekwisha meno. Fundi hakosi la kusema, na asiyejua kazi hana la kubisha. Lakini kabla hajafungua kinywa, Mwenyekiti akaendelea:

"Sikiliza, mzee wangu. Mzee Antipasi ameshindwa, analala. Nimezungumza na kamati. Kuanzia kesho mtunza saa ni wewe. Jembe weka chini, kaa humu, ugonge kengele. Umri wako nao si wa kuinama kutwa. Ila nataka hiyo saa ifungwe, ifungwe kabisa, mtu asiiguse."

Jembe weka chini. Maneno matatu tu. Simeoni alihisi mgongo wake mzima ukisikiliza. Akaona kiti cha ngozi, akaona kivuli, akaona asubuhi baada ya asubuhi hakuna kuinama. Na uongo mwingine ukamjia upesi, huu akajiambia mwenyewe: kumbe nikiwa mimi ndiye mgonga kengele, kidole cha nini? Nitagonga mapema mwenyewe. Raheli atawahi, na mimi nitapumzika, na kioo kitakuwa kizima. Wote tumepona.

"Nilikuwa bado sijakaza," akasema, akachukua bisibisi, akaikaza skrubu ya tatu mpaka ikagoma.

Jioni alimweleza Raheli hivyo hivyo. Raheli akacheka, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika ndani ya nyumba ile tangu wahamie. "Mume wangu mgonga kengele! Haya, tugongee basi, bwana mkubwa." Wakala ugali wao na mlenda kwa furaha.

Asubuhi Simeoni akakaa kwenye gari. Alipogonga saa moja watu wakaenda. Akasubiri. Jua likapanda, akapanga moyoni mshale ukifika pale, kabla ya saa tano, anashuka anagonga. Hakulala hata kidogo. Mshale ulipokaribia, akashika nondo ya kugongea, na mlango wa upande wa pili ukafunguliwa.

Mwenyekiti Isaka akaingia, akakaa kando yake, akanyoosha miguu. Mkononi alikuwa amevaa saa ya Bwana Gaspari. "Ameniazima mpaka arudi," akasema akitabasamu. "Nitakaa nawe siku hizi za mwanzo tulinganishe. Nataka na mimi nimwonyeshe yule bwana kwamba Juhudi wanajua saa."

Simeoni akaiweka nondo magotini.

Wakakaa. Mwenyekiti akazungumza habari za mbegu, za shule, za bomba la maji lililoahidiwa. Simeoni akaitikia hapa na pale bila kujua anaitikia nini. Kutoka kwenye kiti aliona shamba kule chini, na watu wake. Kwa miezi walikuwa wamezoea saa sita ya vidole. Sasa walifika pale walipozoea kutoka, na kengele haikulia. Wakalima. Wakasimama, wakaegemea mipini, wakatazama upande wa ofisi. Wakalima tena. Alimwona Raheli kwa kitambaa chake cha kichwa, alimwona akisimama mara moja, mara mbili, mkono juu ya macho, anamtazama yeye. Kioo kilikuwa safi ajabu, kila dakika ilionekana. Angekivunja kwa nondo ile, lakini hakukivunja, mtu aliyechoka havunji vitu. Saa sita ilipofika saa zote mbili zilikubaliana, Mwenyekiti akampiga bega, Simeoni akashuka akagonga.

Raheli alipita mbele ya gari karibu anakimbia. Hakumtazama mumewe.

Alasiri ilikwisha. Jua likakaa mlimani, likazama. Wanawake wengine walikuwa wamesharudi na kuni zao, moshi wa jioni umeshapanda juu ya nyumba, na Raheli hajarudi. Simeoni akaenda mpaka mwisho wa kijiji, penye njia ya korongo, akasimama. Mwanga ukapungua. Upande wa mlima fisi akalia, akajibiwa na mwenzake. Simeoni akaanza kuomba kwa sauti, sala alizofundishwa utotoni, akizikoroga zote pamoja. Akachukua jiwe, akaanza kushuka kuelekea korongoni.

Ndipo akawaona. Raheli alikuwa anapanda ukingo wa korongo ameinama, mkono mmoja umeshika kijinga cha moto akikipungapunga. Hakuwa na kuni wala mtungi. Mgongoni, amefungwa kwa kanga kama mtoto mchanga, alikuwa amembeba Bibi Elizabeti.

"Nishushe," bibi akasema alipomwona mwanawe. "Nishushe, Raheli. Nisiingie kwa watu nimebebwa."

Simeoni akampokea. Hakuwa na uzito wowote. Miezi mingi hakuwa amemgusa mama yake, na sasa alikuwa mifupa na shuka. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba." Bibi akamshika mkono, akavuta pumzi. "Huyu mkeo leo amenifikia jua limeinama. Nikamwambia alale, akasema akilala huko, asubuhi watamkosa shambani, wataulizana, na mimi nitagunduliwa. Nikamwambia basi usije tena, nina mtama wa kutafuna. Akasema atakuja kesho na kesho kutwa. Nikaona huyu ataliwa na fisi kwa ajili ya uji wangu. Nimekwenda kumuaga baba yako kaburini, nikamwambia samahani." Akapumzika kidogo. "Namwuliza, mwanangu, nini kimekuchelewesha leo? Hasemi."

Raheli alikuwa amegeukia pembeni, anazima kijinga mchangani. Angeweza kusema njia nzima ile. Hakusema.

"Ni saa, mama," Simeoni akajibu. "Saa ya kijiji. Nimetia kioo."

Ilimbidi aeleze, pale pale njiani, kioo ni nini na kidole ni nini. Bibi Elizabeti akasikiliza mpaka mwisho, ameegemea bega la mkwewe.

"Mgambo walipanda juu ya nyumba yangu na majembe," akasema, "wakanishindwa. Wewe umenitoa kwa kioo cha saa." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Simeoni angepata pa kushika. Alisema kwa kuchoka tu, kisha akauliza nyumba iko upande gani.

Asubuhi Mwenyekiti alipata habari kwamba mama yake mzee Simeoni amefika kutoka Nduguti, akafurahi, akasema kijiji kinakua. Simeoni alikuwa tayari kwenye gari. Bibi Elizabeti hakuwa amelala vizuri, akatoka na Raheli, ameshika mkono wake, wakaja taratibu mpaka pale, apaone hapo mahali. Akasimama anatazama lile gari lisilo na matairi.

Mshale ukafika saa moja. Simeoni akashuka, akainua nondo, akagonga rimu, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima alikuwa analia mchana kweupe mbele ya watu, machozi yanamtiririka naye anagonga. Bibi alishtuka kwa ule mlio. Milango ikafunguka, watu wakaanza kutoka na majembe yao.

"Wanaitwa?" bibi akauliza.

"Ndiyo, mama," Raheli akasema. "Shambani."

"Langu jembe liko wapi?"

"Wazee hawalimi, mama. Wewe pumzika."

"Nipumzike wapi?" Bibi Elizabeti akauliza, na Raheli akambembeleza akae kwenye ngazi ya gari, akalitwaa jembe lake akawafuata wenzake.